Umetaja, Hujaeleza

Nilimaliza mtihani nikiwa bado na dakika 25. Ilikuwa Dar es Salaam, mwaka 2014, katika ukumbi mdogo wenye feni mbili zilizokuwa zikizungusha joto lilelile. Karatasi ilikuwa na maswali 11: la kwanza la alama 20, na mengine 10 ya alama nane kila moja. Muda ulikuwa saa mbili. Nilikuwa nimekaa miaka 14 kwenye laini za umeme, nikaanza kama kibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo, nikafaulu majaribio ya ufundi, hadi nikakabidhiwa usalama wa vikosi vya mkoa mzima. Maswali yote niliyaona mepesi. Niliandika mfululizo, nikarudisha karatasi, nikawahi Ubungo kupanda basi la kurudi Tanga.

Matokeo yalikuja baada ya wiki kadhaa. Nilipata 39. Alama ya kufaulu ilikuwa 45.

Nayaandika haya kwa ajili ya wale ambao leo wanaandaliwa kusimamia usalama katika umeme, maji na gesi, na ambao wameambiwa na wakubwa wao wakatafute cheti. Mimi cheti ninacho, lakini zile alama sita nilizokosa zimenifundisha mengi kuliko alama zote nilizopata baadaye.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa Cheti cha Kimataifa cha NEBOSH, bodi ya mitihani ya usalama na afya kazini iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1979. Afrika Mashariki tunaifahamu vizuri. Jina lake utalikuta kwenye matangazo ya kazi za migodi, gesi na ujenzi, na vijana wetu wanaokwenda kutafuta kazi Oman na Qatar hukibeba cheti hicho pamoja na pasipoti. Wakati wangu kilikuwa na sehemu tatu: karatasi mbili za kuandika, na ukaguzi wa mahali pa kazi halisi ambao ulihitaji alama 60 kwa mia. Nilianguka kwenye karatasi ya kwanza, ile ya usimamizi wa usalama, yaani kazi niliyokuwa nikilipwa mshahara kuifanya.

Mwalimu wetu wa kozi alikuwa mhandisi mstaafu, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Nilimpigia simu nikitaka kulalamika. Aliniuliza swali moja tu: nakumbuka niliandika nini kwenye swali la kwa nini wafanyakazi hawafuati taratibu za usalama? Nilikumbuka. Niliandika: uzembe, haraka, kukosa mafunzo, usimamizi mbovu.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, swali lilikutaka ueleze. Wewe umetaja, hujaeleza."

Katika mitihani ya namna hii kila swali lina kitenzi kinachotoa amri. Kuna swali linalotaka utaje tu, na hapo neno moja linatosha. Kuna linalotaka uonyeshe jambo lilivyo kwa muhtasari. Kuna linalotaka ueleze, yaani utoe sababu, uonyeshe hili linazaaje lile. Mtu anayetaja pale alipotakiwa kueleza hupewa alama chache au hapewi kabisa, hata kama kila neno lake ni kweli. Nilidhani huo ni ukorofi wa watunga mitihani. Ilinichukua muda kutambua kwamba mtahini alikuwa ameiona kasoro ambayo sisi kikosini tulikuwa tumeishi nayo miaka yote, na ambayo mwenzangu mmoja aliilipia kwa mkono wake.

Ilikuwa mwaka 2009, wakati wa masika. Upepo ulikuwa umeangusha mnazi juu ya laini ya kilovolti 11 kandokando ya bahari. Foromani alikwenda kwenye nguzo ya mwanzo wa tawi, akazifungua fyuzi tatu kwa fimbo ndefu, zikaning'inia. Yeyote aliyetazama aliona kwamba njia imekatika. "Umeme hakuna," alisema, "pandeni." Mwenzangu alikuwa hodari kuliko sisi sote. Alipanda.

Mwisho wa laini ile palikuwa na hoteli yenye transfoma yake peke yake na jenereta kubwa. Aliyeifunga ile jenereta hakuweka chenjiova, ile swichi inayolilazimisha jengo litumie chanzo kimoja tu kwa wakati mmoja. Umeme ulipokatika, mlinzi aliwasha jenereta kama alivyozoea, na umeme wake ukaingia kwenye transfoma kwa mlango wa nyuma. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Ukiipa volti 11,000 upande mmoja itakupa 400 upande wa pili; ukiipa 400 upande huo wa pili, itakupa 11,000. Laini iliyokufa ilifufuka, na sisi tulikuwa tunazitazama fyuzi zikining'inia.

Nilikuwa chini nimeshika kamba. Nilisikia mlio kama wa turubai linalopasuliwa. Nilipoinua uso nilimwona amening'inia kwenye mkanda wake wa usalama, mkono wa kulia umejikunja kifuani. Tulimshusha. Mungu alimjalia uhai, lakini vidole vitatu vilikatwa hospitalini, na hakupanda nguzo tena maishani mwake.

Ripoti ya ajali ilikuwa ya ukurasa mmoja. Penye sababu paliandikwa: "Fundi hakuwa makini." Mimi niliisaini nikiwa shahidi. Miaka mitano baadaye, katika ukumbi wa mtihani, niliulizwa kwa nini wafanyakazi hawafuati taratibu za usalama, na neno la kwanza kutoka kwenye kalamu yangu likawa "uzembe". Nilikuwa naisaini ripoti ileile mara ya pili.

Nilianza kujiandaa upya. Vitabu nilikuwa navyo, lakini safari hii niliogopa kuvikariri. Nilikuwa na jirani, mzee mmoja aliyestaafu uforomani katika karakana ya reli. Kiingereza cha mtihani hakukijua, lakini kazi aliijua. Kila jioni baada ya isha nilikwenda kukaa barazani kwake na mada moja, nikamweleza kwa Kiswahili kitupu. Nilifanya hivyo kwa miezi mitatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na lipi?"

Siku ya kwanza nilikwenda na tofauti kati ya kitu kinachoweza kudhuru na uwezekano wa madhara yenyewe kutokea, jambo ambalo mitihani hii yote hulirudia. Nikaanza na maneno ya kitabuni, akanikatiza. Nikajaribu tena: kisima kisicho na mfuniko ni hatari popote kilipo. Lakini kikiwa katikati ya pori, wanaokipitia ni wachache. Kikiwa nyuma ya shule, watoto wanacheza hapo kila siku. Kisima ni kilekile, ila balaa lake halilingani, na hilo ndilo linalokuambia uanze kuziba kipi. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikajua nimeelewa.

Jioni ninayoikumbuka zaidi ni ile ya hatua tano za kufanya kazi kwenye laini iliyozimwa. Kata umeme pande zote unakoweza kutoka. Funga kwa kufuli na uweke kibao, mtu asiurudishe. Pima uhakikishe haupo. Unganisha waya zote pamoja na ardhi. Kinga au zungushia uzio sehemu za jirani zenye umeme. Nilizitaja zote kwa mkupuo, kama nilivyokuwa nikizitaja kwa vijana kila asubuhi.

"Fyuzi umeshazifungua," mzee akasema. "Kwa nini upime?"

"Kwa sababu kuna jenereta za watu, mzee. Umeme unaweza kuja kutoka upande nisioujua."

"Haya, umepima, haupo. Kwa nini tena uunge na ardhi?"

Hapo nilisita. Kwa miaka 14 niliunga na ardhi kwa sababu niliambiwa niunge, na siku nyingine sikuunga kwa sababu hakuna aliyeniangalia. Nilifikiri, kisha nikajibu: kipimo kinatoa habari za sasa tu. Jenereta inaweza kuwashwa dakika tano baadaye, fundi akiwa juu. Waya zikishaungwa pamoja na kushikwa na ardhi, umeme wowote utakaokuja utakuta njia fupi, utaishtua swichi ya huko unakotoka, na kila anachokishika fundi kitakuwa karibu na usawa mmoja wa volti, usipate sababu ya kupita mwilini mwake.

"Na hicho kipimo chenyewe," akauliza, "unajuaje ni kizima?"

"Nakijaribu kwanza mahali ninapojua umeme upo, kabla ya kupima na baada ya kupima. Kipimo kibovu hukaa kimya, na kipimo kizima kwenye waya mfu nacho hukaa kimya. Kwa sikio huwezi kuvitofautisha."

Mzee alicheka kwa furaha. "Sasa hilo," alisema, "hata mimi sitalisahau."

Nilirudia mtihani mwaka uliofuata. Swali la alama 20 nililipa nusu saa nzima, na kila moja ya yale mengine dakika tisa. Kila nilipoandika neno, niliisikia sauti ya baraza ikiniuliza kwa nini, nikaandika sentensi ya pili. Sikutoka mapema. Nilipata 68.

Cheti kilipokuja nilikiweka kwenye faili, kisha nikatafuta daftari nikaiandika upya ile ajali ya 2009. Mitihani ya usalama hutenganisha chanzo cha karibu na chanzo cha mzizi, na ni rahisi kuyakariri maneno hayo mawili bila kuyatumia hata siku moja. Chanzo cha karibu kilikuwa wazi: fundi aligusa waya wenye umeme. Kwa nini aliugusa? Kwa sababu aliamini haukuwa nao. Kwa nini aliamini? Kwa sababu hakuna aliyepima. Kwa nini hatukupima? Fimbo ya kupimia ilikuwa moja kwa vikosi vitatu, na siku hiyo ilikuwa wilaya nyingine. Kwa nini foromani hakuisubiri? Alikuwa amepigiwa simu tangu alfajiri akitakiwa umeme urudi kabla ya jioni. Na kwa nini jenereta ile haikujulikana? Kwa sababu hapakuwa na orodha ya wateja wenye jenereta, wala mtu wa kwenda kukagua zilivyofungwa.

Nilipomaliza, jina la mwenzangu lilikuwa limebaki mstari wa kwanza tu. Mistari mingine yote ilikuwa ya watu walioketi ofisini, nami baadaye nikawa mmoja wao. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Sheria ilikuwepo siku ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma kwa macho ya fundi aliye juu ya nguzo.

Daftari hilo lilinifundisha pia kwa nini vitabu vya usalama huweka glovu na kofia mwisho katika ngazi ya kinga. Kwanza ondoa hatari yenyewe. Ukishindwa, badilisha kitu au njia ya kazi. Kisha zuia kwa kifaa cha kihandisi. Kisha weka taratibu na mafunzo. Vifaa vya kuvaa vije baada ya hayo yote. Chenjiova moja pale hotelini ingemlinda kila fundi kwa miaka mingi, wala isingehitaji mtu akumbuke chochote. Glovu humlinda mmoja, siku atakayoivaa, ikiwa haijatoboka. Sisi tulikuwa tunaanza na glovu na tunaishia na glovu.

Tulibadilisha mkutano wa asubuhi. Zamani nilisimama mbele ya gari nikitaja: kofia, glovu, mikanda, kibali cha kazi, haya twendeni. Baada ya hapo nilichagua jambo moja tu kila siku na kumuuliza mmoja wao aeleze sababu yake mbele ya wenzake. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Mafundi wakubwa kwa umri waliona nawavunjia heshima mbele ya vijana, na walikuwa na haki. Nikabadilisha utaratibu: kijana aulize, mkubwa aeleze. Wazee walianza kuja na visa vyao wenyewe, vingine sikuwahi kuvisikia, vya ajali zilizokosa kutokea kwa kudra ya Mungu tu. Visa hivyo ndivyo vilivyotupa orodha ya jenereta. Havikuwa vimeandikwa popote kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza.

Ndiyo maana nasema cheti cha jumla kama hicho cha NEBOSH hakitoshi kwa kiongozi wa usalama kwenye umeme. Marekani na Canada wana mtihani wao mahsusi kwa watu wa sekta za umeme, maji na gesi, cheti cha CUSP, kinachosimamiwa na jumuiya ya USOLN, na Marekani ina kanuni nzima, ile ya 1910.269, kwa ajili ya uzalishaji, usafirishaji na usambazaji wa umeme. Mafundi wa huko wana msemo wao: laini isiyoungwa na ardhi haijafa. Cheti cha jumla hukupa mifupa. Nyama utaitoa kwenye kazi yako mwenyewe, kwa chumvi ya pwani inayokula vikombe vya kushikia waya na vyuma vya nguzo, kwa jenereta za mtaani, kwa nguzo iliyoliwa na mchwa chini ya udongo huku juu inang'aa. Mwongozo uliotungwa nchi nyingine hautakuambia habari za mchwa wa Muheza.

Tangu mwaka 2020 mtihani wa karatasi ya nadharia wa NEBOSH umebadilika. Mtahiniwa hupewa kisa cha mahali pa kazi, anaruhusiwa kufungua vitabu, ana saa 24 za kurudisha majibu, na baadaye anahojiwa kuthibitisha kwamba kazi ni yake. Wapo wanaosema umekuwa mwepesi. Mimi naona umekuwa mkali zaidi kwa mtu wa aina niliyokuwa mwaka 2014, kwa sababu kutaja hakuna thamani tena wakati kila kitu kinaweza kutajwa kutoka kitabuni. Kinachopimwa ni kama unaweza kulichukua jambo la kitabu na kulifunga kwenye kisa kilicho mbele yako.

Lakini pia nimeona kwenye simu za vijana matangazo ya watu wanaouza majibu. Kwa hili nasema bila kuzunguka. Kiongozi wa usalama ndiye anayesaini kibali kinachomruhusu mtoto wa mwenzake kushika waya. Anayenunua majibu ananunua haki ya kusema "panda" bila kujua kama pako salama. Hilo si kosa la shule la kufutwa kwa adhabu ya shule. Ukianguka, rudia. Mimi nilirudia, na sijaona aibu yake mpaka leo. Aibu yangu ni ile saini ya 2009.

Kwa anayejiandaa sasa, ninalo ombi moja. Tafuta mtu asiyejua lugha ya mtihani lakini anayeijua kazi, mwalike au umwendee, umweleze kwa Kiswahili kila unachokisoma. Akikuuliza kwa nini ukakosa jibu, rudi kitabuni. Usiende kwenye mtihani, na usiende kwenye nguzo, kabla hajaridhika.

Mwaka 2019 tulikuwa nje kidogo ya Muheza, asubuhi ya jua kali, kubadilisha kikombe kimoja kilichopasuka. Kazi ya nusu saa. Fyuzi zilikuwa wazi, na orodha ilionyesha hakuna jenereta kwenye tawi lile. Mimi nilikuwa na haraka ya kikao, nikamwambia kijana apande. Alikuwa wa mwisho kwa umri kikosini.

"Samahani baba," alisema, "bado hatujapima."

Nikamuuliza, kwa mazoea ya mkutano wa asubuhi, kwa nini apime wakati orodha haina jenereta. Alijibu kwamba orodha ni ya mwezi uliopita, na jenereta inaweza kununuliwa jana.

Tukakijaribu kipimo, tukapima laini, tukakijaribu tena. Kimya. Tukaunga na ardhi. Akapanda, akabadilisha kikombe, akashuka. Hapakuwa na umeme wowote kwenye laini ile, na saa saba mchana tulikula wali na samaki sote sita, mikono yetu ikiwa mizima.